Kumfuata Mume au Mke katika Nchi Yake



Somo la leo lahusu jambo ambalo katika kisiwa chetu cha Unguja halihitaji utangulizi mrefu, maana hapana mtaa usiokuwa nalo. Binti wa Malindi ameolewa na bwana wa Maskati. Kijana wa Nungwi ameoa bibi wa Kitaliani, na sasa yuko kwao mkewe akiosha vyombo katika hoteli. Mwalimu wa Mkunazini amemfuata mumewe Uingereza. Arusi hufanywa, picha hupigwa, masanduku hufungwa kwa kamba, na jamaa wote huenda kiwanja cha ndege kuaga. Lakini uliza: Huyu anayeondoka atakuwa nani mbele ya sheria ya nchi ile? Akifiwa na mwenziwe, nyumba itakuwa ya nani? Watoto watakuwa raia wa wapi? Mara nyingi utajibiwa, "Mungu atasaidia." Mungu husaidia, hapana shaka. Walakini karani wa uhamiaji hutaka karatasi.

Nitalieleza jambo hili kwa kisa cha mtu wa kwetu, aliyeondoka Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita. Wengi wenu mmesikia jina lake, na pengine mmesikia habari zake kama hadithi ya mapenzi tu. Leo tutazame upande mwingine: upande wa mkoba wake, makaratasi yake na watoto wake.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, ambalo magofu yake yaonekana mpaka leo ukifuata njia ya Bububu. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa vitani tangu utotoni na kuletwa mbali na kwao. Basi kabla hatujafika kwa Salme mwenyewe, tumekwisha kumpata mwanamke wa kwanza aliyeishi katika nchi ya bwana wake, na huyo hakuulizwa kama ataka kuja au hataki. Salme aliandika baadaye kwamba katika jumba la Mtoni walikaa watu zaidi ya elfu, na lugha zilizosemwa humo zilikuwa nyingi: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiswahili na nyinginezo. Kila mmoja wa akina mama wale alikuwa na kwao, na wengi hawakupaona tena.

Alikuwako pia bibi wa Kiajemi, wa ukoo wa Shah, aliyeolewa na Sayyid Said kwa ndoa. Hamamu ya Kidichi ilijengwa kwa ajili yake mwaka 1850. Wewe uliye Unguja, ikiwa hujapata kwenda Kidichi, nenda siku moja. Utaona kuba zake juu ya kilima katikati ya mashamba, na ndani utaona chokaa iliyonakshiwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Bwana yule alijitahidi kumletea mkewe kipande cha kwao. Lakini bibi alikuwa amezoea kupanda farasi na kwenda kuwinda mchana mbele ya watu, naye alikuja na wapanda farasi wake wa Kiajemi. Mambo hayo yaliwachukiza Waarabu wa mji. Mwisho wakaachana naye akarudishwa Uajemi, bila ya kuzaa mtoto. Nadhani kila atakayemleta mwenziwe kutoka ng'ambo aweza kuitazama hamamu ile kwa makini. Kumjengea mgeni chumba ni rahisi kuliko kuwazoesha majirani desturi zake.

Sasa turudi kwa Salme. Katika siku zake wasichana wa jamaa ya Sultani walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia uliotumiwa kama ubao. (Wanafunzi wetu wanaolalamika kuwa madaftari hayatoshi na wakumbuke mfupa ule.) Elimu hiyo ilimtia katika matata mapema. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Sayyid Majid, Salme, kwa kuwa aliweza kuandika, ndiye aliyekuwa karani wa barua zao. Mpango ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki hana urafiki kamili na upande wowote. Mama yake alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka ule ule, na baba alikwisha kufariki baharini mwaka 1856.

Baada ya kukaa shamba kwa muda, alirudi mjini, akapanga nyumba iliyokaribiana na ya mfanyi biashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakajuana kutoka dari kwa dari. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba, na katika mji wa siku zile jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, wanawake wanaposhuka pwani kuoga baharini, naye alishuka pamoja nao, akachukuliwa na mashua mpaka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Ruete alibaki Unguja miezi mingi kumaliza shughuli zake za biashara. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Aden, Disemba ya mwaka ule. Ruete alipofika, tarehe 30 Mei 1867, Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku ile ile wakaoana. Wakafunga safari kwenda Ulaya. Mtoto yule akafariki njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Tazama hesabu hiyo. Katika muda usiotimia mwaka, mtu mmoja amebadili nchi, jina, dini, mavazi, chakula na lugha ya sokoni, na amezika mtoto. Alipofika Hamburg mwezi Juni 1867, Kijerumani hakukijua. Mume ndiye aliyekuwa mkalimani wake, mhasibu wake, wakili wake na jamaa yake. Wengi wanaohamia kwao mume au mke huanza hivyo, na hakuna ubaya wa kuanza hivyo. Hatari iko katika kubaki hivyo mwaka wa pili na wa tatu.

Salme hakubaki hivyo kwa kutaka; alijifunza lugha, akazaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Lakini mwezi Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya gari la abiria, lile lililokokotwa na farasi juu ya reli. Mtoto wa mwisho alikuwa wa miezi michache. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mitatu tu.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, nawe tafadhali shika kalamu.

Mjane huyu alikuwa na mlango wa kwake Ujerumani na mlango wa kwao Unguja, na yote miwili ilifungwa. Kule Ujerumani, mamlaka zilikataa madai yake ya mirathi, naye akaingia katika dhiki. Huku Unguja, Sayyid Majid alikufa Oktoba ya mwaka ule ule 1870, akatawala Barghash, yule yule ambaye Salme alikuwa amemwandikia barua za siri. Barghash hakumsamehe. Kwa kuwa alitoka katika Uislamu na kuolewa na Mkristo, alihesabiwa kuwa hana haki katika mirathi ya ndugu zake waliokufa. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alivuka bahari kwenda kumwona. Mkubwa wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimshawishi asimwendee, akamwahidi kuwa watoto wake watatazamwa. Ahadi haikutimizwa. Mwaka 1885 alikuja Unguja na watoto wake chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani, maana Bismarck alikuwa na haja zake katika pwani hii, na mwana wa kiume wa Salme, raia wa Kijerumani na mjukuu wa Sayyid Said, alifaa kuwa tishio. Watu wa mjini walimwamkia kwa heshima njiani, lakini ndugu yake hakukubali kuonana naye. Alijaribu tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu.

Katikati ya shida hizo alihama mji baada ya mji, alifundisha watu Kiarabu, na mwaka 1886 alitoa kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Ni kitabu cha mwanamke aliyechoka kuulizwa maswali ya kipuuzi kuhusu kwao. Humo awaeleza Wazungu jinsi wanavyoihukumu nchi wasiyoijua, na asema wazi kuwa mtu wa nchi ya baridi huhitaji vitu vingi kwa ajili ya baridi yake, wala si kwa ajili ya ubora wake. Tukisome kwa akili, hata hivyo. Humo humo aliutetea utumwa, na kwa sababu ya maneno yake hayo, kiwanja kilichopewa jina lake Hamburg mwaka 2019 kiliamuliwa kibadilishwe jina mwaka 2020. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki, na naona pia kitabu chake chastahili kusomwa. Hayo mawili hayagombani.

Kwa zaidi ya miaka ishirini aliishi Jaffa na Beirut, mahali pasipo kwao wala kwa mumewe. Vita vya 1914 vikamrudisha Ujerumani. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, na majivu yake yakazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, katika kaburi la mumewe. Pamoja naye uliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokaa nao miaka yote ile.

Pengine utasema: Hayo ni ya zamani, sheria zimebadilika. Kweli, zimebadilika, na nyingi zimekuwa nzuri zaidi. Lakini aina ya swali haikubadilika. Tuyachukue mambo machache ya leo.

La kwanza ni mirathi, kwa kuwa ndilo lililomtesa Salme. Kwa Waislamu wa Unguja mambo ya mirathi huenda kwa kadhi. Mjane aliyeachiwa watoto na mumewe hupata thumni. Ikiwa marehemu hakuacha mtoto, mjane hupata robo. Kisha Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Kinachowezekana ni wasia, usiozidi theluthi. Sasa vuka bahari. Ujerumani leo, mtu akifa bila ya wasia akaacha mke na watoto, mke katika hali ya kawaida ya ndoa hupata nusu. Je, ni sheria ipi itakayotumika kwa Mzanzibari aliyefia Hamburg? Tangu tarehe 17 Agosti 2015, katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, kanuni ni kwamba hutumika sheria ya nchi ambayo marehemu alikuwa na makazi yake ya kawaida, isipokuwa kama katika wasia wake alichagua sheria ya nchi aliyo raia wake. Yaani asiyeandika kitu amekwisha kuchaguliwa. Mume na mke wakae, wazungumze, wamwendee mwanasheria, waandike. Kwetu watu huona haya kutaja kifo katika nyumba ya arusi, nami nafahamu haya hiyo. Ruete hakutazamia kwamba gari lile litamwua.

La pili ni ndoa yenyewe. Nikahi iliyofungwa Unguja kwa taratibu zote, ikaandikishwa na kutolewa cheti, ni ndoa. Lakini wako wanaosafiri kwanza na kufunga nikahi huko huko Uingereza, nyumbani kwa jamaa, mbele ya shekhe na mashahidi. Mbele ya dini ni ndoa, na hapana mtu atakayesema vingine. Mbele ya sheria ya Uingereza, nikahi hiyo peke yake, bila ya kuandikishwa kiserikali, haihesabiwi kuwa ndoa. Mahakama ya rufani ya huko ilisisitiza hivyo mwaka 2020. Siku ya kuachana au kufiwa, bibi aliyeishi humo miaka kumi hujikuta hana haki ya mke katika nyumba aliyoipamba. Basi wewe mzazi unayemwoza binti yako, mbali na kuuliza habari za mahari, uliza: ndoa itaandikishwa wapi, na cheti kitakaa kwa nani? Unguja, mambo ya vizazi, vifo na ndoa yako chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Chukua nakala zaidi ya moja, na moja ibaki kwa mama.

La tatu ni lugha na fedha, na hapa nitapita upesi. Ujerumani, tangu mwaka 2007, mwenye kumfuata mume au mke kwa kawaida hutakiwa aonyeshe kwanza kuwa anajua Kijerumani cha mwanzo. Mtihani huo hufanywa Goethe-Institut, Dar es Salaam. Uingereza hutazama pia kipato cha yule anayemwita mwenziwe: mwezi Aprili 2024 kiwango cha chini kilipandishwa kutoka pauni 18,600 kwa mwaka mpaka pauni 29,000. Wako vijana waliooa wakidhani kuwa cheti cha ndoa ni tiketi, wakakaa Unguja mwaka na zaidi wakiongea na wake zao kwa simu. Sheria za namna hii hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usimsikilize rafiki wa baraza ya kahawa, uliza ubalozini.

La nne ni uraia, nalo linagusa ardhi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayeomba kwa hiari uraia wa kwao mume au mke, akaupata, huupoteza wa Tanzania. Na hapa Zanzibar, chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992, haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari. Mgeni hupewa ukodishaji tu. Wewe mwenye kiwanja Fuoni au mikarafuu Kizimbani, usiweke saini kwenye karatasi ya uraia mpya kabla ya kuuliza kiwanja kitakuwaje. Ajuaye kuwa atakaa ng'ambo mpaka uzee huenda akaamua kuwa inafaa. Shauri ni lake, mradi aamue akijua.

Na kwa wale wanaoleta wageni huku: sheria hiyo hiyo ya 1995 humpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa njia hiyo. Hubaki na vibali, au kupita njia ndefu ya wageni wengine wote. Kwa hiyo binti wa Jambiani anayetaka kuishi kwao na mumewe Mdachi ana kazi kubwa kuliko kaka yake aliyeoa Mdachi. Mimi sioni sababu nzuri ya tofauti hiyo, lakini kazi yangu leo ni kukwambieni ilivyo.

Mwauliza, je, mtu aliyeolewa Oman naye ana haja ya haya yote? Upweke wake huenda ukawa mdogo. Tangu mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi, wengi waliokulia huku walihamia huko, na Kiswahili husikika Maskati katika nyumba na maduka. Utapata mtu wa kukupikia mkate wa kumimina. Lakini hata wao, wenye nasaba ya huko, waliitwa Wazanzibari walipofika, kama walivyokuwa wakiitwa Wamanga walipokuwa hapa. Na karatasi zatakiwa huko kama kwingineko.

Kabla ya vikundi kukutana tena, kila mwenye jamaa ng'ambo na amwulize mambo matatu kwa barua au kwa simu: cheti chako cha ndoa kiko wapi, umeandika wasia au hukuandika, na kitu gani ulichokihitaji mwaka wa kwanza ambacho hukuambiwa na mtu. Swali la tatu ndilo litakalokupeni majibu marefu, basi msilikatishe. Yaandikeni daftarini kwa maneno yake mwenyewe, bila ya kutaja jina, mje nayo darasani. Asiyejua kuandika bado, na amtafute mwenziwe amwandikie.